Si Kila Kiwavi ni Kiwavijeshi

Wako wanachama wasemao kwamba majina ya wadudu ni kazi ya wasomi, na kwamba mkulima yamtosha kujua kuwa mdudu ala mazao yake. Sisi hatukubaliani nao. Na ijapokuwa gazeti hili ni la wenye mikarafuu, leo twaomba ruhusa ya wasomaji tuzungumze habari za mahindi, tena mahindi ya mbali, kwa sababu jambo lenyewe laweza kutufikia hapa visiwani bila ya kupanda meli.

Mwanachama mwenzetu mmoja alikwenda Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi, kuwatazama wakwe zake. Alirudi na chupa ndogo yenye spiriti na viwavi wawili ndani yake. Wote wawili walitoka katika shamba moja la mahindi, na wote wawili wenyeji waliwaita kwa jina moja: viwavijeshi. Mkwewe alikwenda dukani akaomba dawa ya viwavijeshi, akapewa, akanyunyiza shamba zima. Mmoja wa wale viwavi alikufa na kundi lake. Wa pili aliendelea kula, na mahindi yakaharibika mbele ya macho ya mwenyewe, hali fedha ya dawa imekwisha. Mwuza duka hakumdanganya mtu. Aliulizwa jina, akauza kwa jina.

Tuliimimina ile chupa katika sahani nyeupe tukatazama kwa kioo cha kukuzia. Yule wa kwanza alikuwa mweusi kama mahameli, mwenye mistari kando ya mwili, na kichwa chake cheusi king'aacho. Huyu ndiye kiwavijeshi wetu wa zamani, ambaye wazee wamjua. Wa pili alikuwa wa rangi ya udongo. Usoni pake pana alama nyeupe mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na juu ya pingili ya pili kutoka mwisho pana nukta nne nyeusi zilizokaa mraba, kama nne ya dadu. Huyo ni mgeni, aitwaye siku hizi kiwavijeshi vamizi.

Mgeni huyo alipewa jina na Mwingereza James Edward Smith mwaka 1797, kwa michoro iliyochorwa na John Abbot huko Georgia, Marekani. Jina lake la kitaalamu ni Spodoptera frugiperda, na hilo neno la pili maana yake ni mpoteza mazao. Yule wetu, Spodoptera exempta, aliandikwa na Francis Walker mwaka 1857. Ni ndugu wa ukoo mmoja, na katika vitabu vya miaka ya 1950 wote wawili walikuwa bado wakiitwa Laphygma. Basi si ajabu mtu kuwachanganya.

Lakini rangi peke yake si hoja, na hapa ndipo twaomba msomaji asome polepole. Kiwavijeshi wetu ana sura mbili. Wakiwa wengi mahali pamoja huwa weusi na huandamana. Wakiwa wachache hubaki kijani au rangi ya majani makavu, nao hujificha. Zamani mtu angeweza kuapa kuwa hao ni wadudu wawili mbalimbali. J. C. Faure wa Afrika Kusini alieleza jambo hilo mwaka 1943, akaonyesha kuwa ni mdudu yule yule. Kwa hiyo mdudu mmoja aweza kuwa na rangi mbili, na wadudu wawili waweza kuwa na rangi moja. Mwenye kwenda kwa rangi atapotea. Mwenye kutazama uso na zile nukta nne atafika.

Nondo wao, yaani vipepeo vyao vya usiku, ni taabu zaidi. Dume wa yule mgeni ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele, lakini jike ni wa kijivu tu, na hata mtaalamu hulazimika kumpasua na kutazama viungo vya uzazi ndipo aseme neno. Mtego wa harufu nao hunasa nondo wengine wasiohusika. Mwenye kuhesabu nondo mtegoni bila ya kuwatazama mmoja mmoja ahesabu upepo.

Sasa twaja kwenye faida. Kiwavijeshi wa zamani huja kwa makundi baada ya mvua za kwanza, hula jamii ya nyasi, mahindi, mtama, mpunga na majani ya malisho, na baada ya wiki mbili au tatu huingia ardhini. Mkarafuu hana haja nao. Huliwi mchana kweupe ukashindwa kumwona: wako juu ya majani, na dawa huwafikia. Aliyechelewa mpaka wamekwisha kunenepa anyunyizia shamba linaloachwa siku hiyo hiyo. Mgeni hafanyi hivyo. Jike hutaga mayai kwa mafungu, ameyafunika kwa nywele za mwili wake. Vitoto vikikua kidogo huingia katika moyo wa mche, na mara nyingi hubaki mmoja tu, kwa sababu hulana wenyewe kwa wenyewe. Humo ndani amejiziba kwa mavi yake mfano wa vumbi la msumeno, na dawa inyunyizwayo juu haimpati. Huyo hutafutwa mapema, mayai yakapondwa kwa vidole, na dawa ikitiwa, hutiwa katika moyo wa mche, asubuhi au jioni, viwavi wangali wadogo. Tena hana msimu. Penye mahindi mwaka mzima naye yupo mwaka mzima.

Habari za kuonekana kwake Afrika zilianza mwaka 2016, upande wa magharibi, Nigeria na jirani zake. Mwaka 2017 alikwisha kuonekana Tanzania, mkoani Rukwa, ambao Karema ilikuwa sehemu yake mpaka Katavi ilipofanywa mkoa mwaka 2012. Nondo wake aweza kuruka kilomita mia kwa usiku mmoja. Mkono wa bahari kati ya Unguja na bara haufiki nusu ya hapo. Wanachama wapandao mahindi katika nafasi za mikarafuu wafanye hesabu wenyewe.

Atakayesema kuwa hayo ni ya bara na akumbuke minazi yetu. Nazi zilikuwa zikidondoka changa, na kila mtu ana sababu yake. M. J. Way alipofanya uchunguzi hapa Zanzibar alimpata mdudu afyonzaye, ambaye hakuwa na jina kamili mpaka mwaka 1955 alipoitwa Pseudotheraptus wayi. Akaonekana pia kuwa maji moto, wale wale wanaowatesa wachumaji wetu juu ya mikarafuu, ndio walinzi wa mnazi dhidi yake. Nani angalijua kumwacha maji moto kama adui hakujulikana ni nani?

Karema yenyewe yamkumbuka Adrian Atiman, tabibu aliyetibu watu huko zaidi ya miaka sitini hata akafariki mwaka 1956. Twadhani hakuna mgonjwa aliyekwenda kwake akasema "nipe dawa ya homa" akapewa bila ya kutazamwa.

Twashauri basi kila tawi la chama liwe na sanduku la nondo waliotungwa kwa pini na chupa za viwavi, na mwanachama asinunue dawa kabla ya kumleta mdudu wake na kumlinganisha. Bwana shamba aombwe kuthibitisha. Pini na spiriti si gharama ya kukishinda chama. Mwenye kuleta kiwavi amtie katika chupa yenye kifuniko, pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali na mmea alioukuta akiula. Aandike kwa kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka ndani ya spiriti.