Aje na Bisibisi, Hotuba Aiache Ofisini

Katikati ya miaka ya 1990, katika shule moja ya umma ya mtaa wa Dorchester, mjini Boston, watu wawili wasio walimu waliomba nafasi ya kufundisha kile walichokijua. Eric Schwarz alikuwa amewahi kuwa mwandishi wa habari, akawafundisha watoto wa darasa la tano kutengeneza gazeti. Ned Rimer akachukua huduma ya kwanza. Mwaka 1995 wakaanzisha shirika la Citizen Schools, ambalo baadaye lilijikita katika shule za kati, kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, kwenye mitaa ambako familia nyingi hazina uwezo.

Utaratibu wao wa awali haukuwa na mbwembwe. Mtu mwenye taaluma yake, awe wakili, msanifu majengo, mtaalamu wa kompyuta au mpishi, alifika shuleni mara moja kwa wiki masomo ya kawaida yakiisha. Alikaa na kikundi kidogo kwa dakika 90, wiki 10 mfululizo, wakifanya kazi moja hadi ikamilike. Mwishoni kazi hiyo ilioneshwa hadharani, mbele ya wazazi, walimu na watu wa fani yenyewe. Waliojifunza sheria waliendesha kesi ya kuigiza mbele ya jaji wa kweli. Waliounda roboti waliiwasha watu wakitazama, na ilipogoma, iligoma mbele ya wote.

Hapo ndipo mpango huu unapoachana na ziara za wageni wa heshima, ambazo msomaji wa Nairobi au Morogoro hahitaji kusimuliwa. Mgeni anasaini kitabu, anapewa kiti cha mbele na chupa ya maji. Anaeleza alivyotembea pekupeku kwenda shule, anawahimiza watoto wasome kwa bidii, anapigiwa makofi, picha ya pamoja inapigwa, gari linaondoka. Watoto wamejua kwamba mhandisi ana gari zuri. Anafanya nini Jumatatu asubuhi, anakosea wapi, anapima nini na kwa kifaa gani, hayo hawajayajua, kwa sababu hakuna aliyewaonesha. Toleo hili la jarida linajenga hoja kwamba mtaalamu anayetaka kuwafaa watoto wasiojiweza aache hotuba, ashike kazi pamoja nao, na akae muda wa kutosha kuona kazi hiyo ikiharibika na kurekebishwa.

Umri nao una maana yake. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Robert Tai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia. Walitumia taarifa za Wamarekani ambao, wakiwa darasa la nane, waliulizwa wanatarajia kufanya kazi gani wakifika miaka 30. Kati ya wale waliokuja kuhitimu chuo kikuu, mwanafunzi wa wastani katika hisabati aliyejiona kwenye kazi ya sayansi alikuwa na uwezekano wa asilimia 34 wa kupata shahada ya uhandisi au ya sayansi kama fizikia na kemia. Aliyekuwa hodari wa hisabati lakini hakuwa na matarajio hayo alikuwa na asilimia 19. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba matarajio pekee humfikisha mtu chuoni. Hata hivyo zinatosha kumtia wasiwasi yeyote anayedhani alama za mtihani ndizo zinazoamua kila kitu, au kwamba kuzungumza na watoto kuhusu kazi kunaweza kusubiri hadi kidato cha mwisho.

Mtoto wa daktari huyapata matarajio hayo mezani kwao, bila mtu yeyote kuandaa mpango. Mwingine hununuliwa fursa na wazazi wake. Greg Duncan na Richard Murnane, katika kitabu walichokihariri mwaka 2011, walionesha kwamba familia za moja ya tano ya juu ya kipato nchini Marekani zilikuwa zikitumia takriban dola 8,900 kwa mwaka kwa kila mtoto, katikati ya muongo wa 2000, kwa vitu kama kambi, kompyuta, masomo ya muziki na ada za shule binafsi. Familia za moja ya tano ya chini zilitumia takriban dola 1,300. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa dola za thamani hiyohiyo, tofauti ilikuwa kati ya 3,500 na 800 hivi. Schwarz aliandika kitabu kizima juu ya pengo hilo, The Opportunity Equation, kilichotoka mwaka 2014.

Hadi hapa hadithi inapendeza mno, na mhariri mwenye hadhari huanza kujikuna kichwa.

Kwanza, kujitolea si bure. Mhandisi wa madaraja anajua mzigo na mhimili. Hajui afanye nini watoto wawili wanapogombea koleo na wa tatu anachungulia dirishani. Citizen Schools ililitambua hilo, ikaweka katika shule vijana waliohitimu chuo, wengi wao kupitia mpango wa serikali ya Marekani wa AmeriCorps, ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuwajua watoto kwa majina, kuwatuliza, kuandaa vifaa na kumkumbusha mgeni kwamba kesho ni zamu yake. Vijana hao walilipwa posho. Anayeuiga mpango huu akaiacha sehemu hiyo kwa kubana matumizi, ameiga picha tu.

Pili, kuacha njiani kunaumiza. Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wa vijana waliopewa walezi wa kujitolea kupitia shirika la Big Brothers Big Sisters. Waliodumu na walezi wao mwaka mmoja au zaidi ndio waliofaidika zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika katika miezi mitatu ya mwanzo walishuka katika namna walivyojithamini. Kwa hiyo mtaalamu asiye na hakika na ratiba yake asianze. Anunue betri na nyaya, azipeleke shuleni, arudi kazini kwake. Huo nao ni msaada, na hauna madhara.

Tatu, saa za ziada peke yake hazifanyi muujiza. Jimbo la Massachusetts, uliko mji wa Boston, lilianza kuongeza muda wa masomo katika baadhi ya shule mwaka 2006. Tathmini ya kampuni ya utafiti ya Abt Associates ya mwaka 2012 haikuona tofauti ya maana katika matokeo ya lugha na hisabati kwa madarasa yaliyopimwa. Nafuu ilionekana katika sayansi ya darasa la tano.

Afrika Mashariki ina mfano wake, ingawa wahusika walikuwa wakubwa kidogo. Mwaka 2017 wasichana watano wa Shule ya Upili ya Wasichana ya Kisumu, wakijiita The Restorers, walifika fainali za Technovation huko California, shindano ambalo timu za wasichana hutengeneza programu za simu wakisaidiwa na walezi wa kujitolea. Programu yao, i-Cut, ilikusudiwa kumuunganisha msichana aliye katika hatari ya kukeketwa, au aliyekwisha kukeketwa, na msaada wa uokoaji, sheria na matibabu. Hawakupewa tatizo na mtu. Walikuwa na mwenzao aliyeacha shule baada ya kukeketwa. Mwaka 2019 walikuwa miongoni mwa waliofika hatua ya mwisho ya kuwania Tuzo ya Sakharov ya Bunge la Ulaya.

Kenya sasa ina kundi la umri uleule wa Boston. Tangu Januari 2023 wanafunzi wa gredi ya 7 wamekuwa katika sekondari msingi, mara nyingi ndani ya shule za msingi zisizo na maabara. Kishawishi kitakuwa kikubwa cha kuwaomba wahandisi na wauguzi wa mtaani wazibe nafasi ya walimu ambao hawajaajiriwa. Jarida hili linakikataa kishawishi hicho. Mgeni wa dakika 90 anafaa pale ambapo mwalimu yupo, analipwa na anabaki darasani; bila mwalimu huyo, wiki ya nne itakuwa vurugu na ya sita hatatokea mtu.

Liko jambo ambalo bodi za taaluma zinaweza kulifanya bila kusubiri bajeti. Wahandisi na mawakili wa Kenya na Tanzania tayari hutakiwa kuendelea kujifunza ili wabaki katika orodha ya wanaoruhusiwa kufanya kazi, na wengi hutimiza sharti hilo kwenye semina za hotelini. Wiki 10 katika shule moja, chini ya mwalimu mmoja, zikiishia kwenye maonesho ambayo mwalimu huyo ametia saini kwamba yalifanyika, zihesabiwe sawa na semina hizo. Na maonesho yawekwe Jumamosi mchana, mama wa genge na baba wa bodaboda waweze kufika.