Nimeolewa na Mwalimu Mwenye Magrupu 14

Leo utanisamehe, nayaleta ya nyumbani kwangu hapa ukurasani. Mwenyewe kanipa ruhusa, kwa sharti nisimtaje jina wala shule.

Mume wangu anafundisha Jiografia sekondari, hapa hapa Dar. Wakati ananioa nilijua nitagawana naye na madaftari ya kusahihisha. Haya magrupu ya WhatsApp sikuyajua. Siku moja nikayahesabu: 14! La wazazi wa kidato cha kwanza, la wazazi wa cha tatu, la walimu wote, la taaluma, la mitihani, la kikoba, hadi la msiba ulioisha mwaka juzi. Na tangu 2022 grupu moja linaruhusiwa kubeba watu 1,024, jamani.

Sasa sikia. Jumatano moja nikakwama kwenye kikao. Saa 7 mchana nikamwandikia: "Baba, leo mchukue mtoto wewe." Tiki mbili, nikatulia, simu nikaitoa sauti. Saa 11 na nusu natoka, nakuta mlinzi wa shule kanipigia mara tano. Mwanangu amekaa naye getini, kalia mpaka sauti imekauka. Baba yake yuko nyumbani anajibu wazazi! Meseji yangu ilikuwa imefukiwa na nyingine zaidi ya 200, watu wanabishana rangi ya soksi.

Tuligombana, sifichi. Nikamwambia neno ambalo nalijutia: "Watoto wa wenzio unawajibu kwa dakika moja, wako anashinda getini." Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Mama, katikati ya hizo soksi kuna mzazi kaandika mwanawe ana pumu na dawa ya kuvuta imeisha. Nisiposoma zote, hiyo nitaionaje?"

Hapo nikakosa jibu. Chuoni tulifundishwa habari za Alvin Toffler, aliyeandika tangu 1970 kwamba mtu akimiminiwa taarifa kuliko anavyoweza kuzichambua, hata uamuzi wake unaharibika. Mtihani nilifaulu. Lakini kwa mume wangu nilikuwa nahubiri kitu kimoja tu: weka simu chini. Kumbe mwalimu hawezi kuiweka chini hivi hivi, maana soksi na pumu zinaingia kwa mlango mmoja.

Kwa hiyo Jumamosi tukakaa mkekani na chai, tukaanza kutenganisha milango. Magrupu ya wazazi yeye ndiye kiongozi wake, na tangu 2018 WhatsApp inakuruhusu kufunga grupu waandike viongozi peke yao. Akafunga. Tangazo moja kwa siku. Ugonjwa au dharura, mzazi apige simu, asiandike. (Kupiga kunakula vocha, watu wanajichuja wenyewe!) Maswali mengine yaje kwake binafsi, atajibu kati ya saa 11 na 12 jioni. Wiki ya kwanza mzazi mmoja akasema mwalimu siku hizi anajidai. Tukameza. Magrupu yasiyo na haraka yakazibwa sauti na kupelekwa kwenye kumbukumbu, ambako tangu 2021 yanabaki hata meseji mpya zikiingia. Juu kabisa zikabandikwa namba tatu. Ya kwanza yangu, niliisimamia mwenyewe.

Mafaili ndiyo yalinichekesha. Tangu mtaala mpya uanze kwa awamu Januari 2024, kila kukicha anatumiwa maazimio ya kazi na notisi, eti "pakua haraka kabla haijafutwa". Alikuwa nayo mamia, aliyoyafungua ya kuhesabu. Sasa anaanza na kitabu kilichoko maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mengine yakikaa wiki mbili hayajaguswa yanafutwa. Isipokuwa folda moja inaitwa "nitasoma baadaye". Hiyo nimeiacha, kila mtu na udhaifu wake.

Tulipokwama ni grupu la walimu. Ufaransa tangu 2017 kuna sheria inayozitaka kampuni za wafanyakazi 50 na zaidi zikubaliane nao juu ya haki ya kutosumbuliwa nje ya saa za kazi. Hapa kwetu bosi anaandika saa 4 usiku, kesho asubuhi kila mtu aje na ripoti. Mume wangu alikuwa anachungulia mara ya mwisho saa 3, kisha simu inalala sebuleni. Ripoti moja ikampita, akasemwa mbele ya wenzake. Alirudi amenuna, na kwa usiku mbili simu ikarudi kitandani. Sikumlaumu. Bado tunalizungumza hilo.

Mtoto naye kila asubuhi akivaa viatu anauliza, "Leo nani ananichukua?" Tunajibu wote wawili, kila mmoja akimtazama mwenzie.

Kwako wewe uliyeoa au kuolewa na mwalimu, mmefikia wapi? Niandikie. Tukutane toleo lijalo.