Kifuniko cha Lenzi ya Zamani

Mwalimu mmoja ameniandikia barua akiuliza jambo ambalo huenda likaonekana dogo, lakini kwake si dogo hata kidogo. Amerithi kutoka kwa marehemu baba yake kamera aina ya Leica, yenye lenzi Summicron ya milimita 50, iliyotengenezwa na kiwanda cha Leitz huko Wetzlar, Ujerumani, katika miaka ya 1950. Kifuniko chake kilipotea zamani. Aliambiwa kwamba lenzi hiyo ni ya 39, akaagiza kifuniko cha kuvika cha 39, nacho kilipofika kikakataa kuingia. Sasa auliza kama muuzaji amemdanganya.

La, hakudanganywa. Namba 39 ni ya kweli, ila siyo aliyoihitaji. Hiyo ni upana wa ndani wa mdomo wa lenzi, penye mikato ya skrubu ambayo mafundi huiita hesi, mahali pa kufungia kichujio cha nuru. Kifuniko cha kuvika hakishiki ndani; hushika nje, nao ukingo wa nje wa lenzi hiyo una milimita 42. Aagize cha 42, na kitakaa.

Yafaa tukumbuke kwamba hapo mwanzo kifuniko kilikuwa na kazi kubwa kuliko kuzuia vumbi. Tangu uvumbuzi wa Daguerre ulipotangazwa mjini Paris mwaka 1839, na kwa miaka mingi baadaye, kamera nyingi hazikuwa na mtambo wa kufungua na kufunga nuru. Mpiga picha alikiondoa kifuniko kwa mkono wake, akahesabu sekunde, akakirudisha. Kwa hiyo kifuniko kilitengenezwa kwa lenzi ile ile moja, cha shaba au cha ngozi, na ndani yake kikatiwa mahameli ili nuru isipenye. Mitambo ilipokuja kuifanya kazi hiyo, kifuniko kilishuka cheo, na ndipo watu walipoanza kukipoteza.

Basi kwa lenzi za karne iliyopita kuna vifuniko vya namna mbili hasa: vya kuvika kwa nje, na vya kubana kwa ndani kwa springi. Vya springi ndivyo vijazavyo maduka siku hizi, navyo hufuata namba ya hesi. Lenzi ya Takumar ya Japani yenye hesi ya 49 hupokea kifuniko chochote kizuri cha 49, wala hakuna la kusumbuka. Taabu huanza mdomo wa lenzi ukiwa umebonyea kwa kuanguka; hapo meno ya springi hayapati pa kushika, na kifuniko hudondoka njiani pasipo mwenyewe kujua. Lenzi ya namna hiyo yataka kifuniko cha kuvika. Helios 44-2 ya Kirusi, kwa mfano, ina hesi ya 49, lakini kifuniko cha kuvika kinachoifaa ni cha 51.

Zipo pia zisizofuata njia hizo. Elmar ya zamani ya milimita 50 ya kiwanda kile kile cha Leitz haina hesi kabisa, nayo huvikwa kifuniko cha 36. Rolleiflex, ile kamera ya macho mawili, hutumia meno ya kuzungusha, na meno hayo yana saizi zake, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Yashica-Mat ya Japani hupokea saizi ya kwanza. Olympus Trip 35 yataka 43.5, wala si 43 wala 44, na nusu hiyo ya milimita imewachosha wengi.

Msomaji asiye na kipimo cha fundi chenye taya mbili asikate tamaa. Achukue ukanda mwembamba wa karatasi, auzungushe ukingo wa nje mara moja, atie alama ncha zinapokutana, kisha aupime kwa rula na kugawa kwa 3.14. Akipata milimita 132, ukingo ni wa 42. Akipata 160, ni wa 51. Naona njia hii ni bora kuliko kulaza rula usoni pa lenzi. Kosa la milimita moja katika ukanda huwa theluthi tu ya milimita katika upana, na tena rula haikaribii kioo. Lenzi nyingi za miaka ya 1940 na 1950 zilipakwa utando ulio laini kuliko wa siku hizi, na chembe moja ya mchanga yatosha kuukwaruza.

Kwa mwalimu wetu iko hatari nyingine iliyo kubwa kuliko mchanga. Pazia la Leica yake ni la kitambaa, na mbele ya pazia hilo hakuna kioo cha kurudisha nuru kama kilivyo katika kamera nyingine. Akiiacha mezani pasipo kifuniko, lenzi ikatazama jua, mwali hukusanyika juu ya kitambaa na kukitoboa, kama watoto wachomavyo karatasi kwa kioo cha kukuzia. Tundu hilo litaacha doa katika kila picha hadi pazia libadilishwe. Lakini aangalie pia: dirisha la kutazamia la kamera yake liko mbali na lenzi, hivyo aweza kupiga filamu nzima kifuniko kikiwa mahali pake, na asione giza lolote. Trip 35 ina hekima zaidi hapo. Ikiwekwa kwenye alama ya A, hukataa kupiga penye giza, na kuinua kibendera chekundu.

Wengine wamependekeza kwenda kwa fundi viatu kushonewa kifuniko cha ngozi. Kwa wakaao bara penye ukavu sina neno. Kwa wa Mombasa na Lamu sishauri, kwa sababu ngozi hunywa unyevu, na unyevu huotesha kuvu kwenye kioo. Nao wasiifunike lenzi iliyotoka mvuani kabla haijakauka. Cha alumini au plastiki ni salama zaidi. Siku hizi wako mafundi wenye mashine za kompyuta zinazojenga vitu vya plastiki tabaka juu ya tabaka, nao waweza kutengeneza hata saizi iliyokwisha toweka madukani. Aendaye kwao achukue lenzi yenyewe, ajaribu kifuniko papo hapo: kiingie kwa kusukumwa kwa vidole viwili, na lenzi ikiinamishwa kisianguke. Kikihitaji nguvu ya kiganja kizima, fundi akipanue kidogo kwa msasa, na vumbi la msasa lioshwe lote kabla ya kukivika.