Lubumbashi: Watoto wa Hewa Bora wapelekwe porini kungali na pori

Ukimwomba mtoto wa miaka minane wa mtaa wa Hewa Bora ataje nyama wa pori anaowajua, atakutajia simba, tembo na twiga, pengine hata tigre wa katuni ambaye makao yake ni Asia. Komba mwenye macho makubwa, anayelia usiku kwenye miti ya miombo ya Katanga, hatamtaja. Kakakuona, ambaye wengi hapa wanamwita nkaka, atakuwa amesikia tu kwamba magamba yake yana bei.

Hili si kosa la mtoto. Hewa Bora iko katika komine ya Annexe, ile inayozunguka mji wa Lubumbashi pande zote, na ni huko mji unakopanuka. Parsele zinagawanywa, miti inakatwa, na baiskeli zenye magunia ya makala zinaingia mjini kila asubuhi kutoka mbali zaidi kuliko miaka iliyopita. Pori ambalo babu alilifikia kwa miguu kabla jua halijapanda, mjukuu sasa anahitaji pikipiki kulifikia.

Ndiyo maana inafaa viongozi wa mtaa, masomo na wazazi wakubaliane juu ya jambo moja dogo: matembezi ya porini ya jamaa nzima, Jumamosi moja kila mwezi, pamoja na mtu anayelijua pori. Si utalii. Hifadhi ya Upemba, iliyoundwa mwaka 1939, na ile ya Kundelungu ya mwaka 1970 ni mali ya jimbo zima, lakini mama anayeuza mboga Hewa Bora hana gari la kumfikisha huko, wala hatakuwa nalo mwaka ujao. Anachoweza ni kutembea saa mbili na watoto wake kwenye pori lililobaki karibu.

Na pori hilo si tupu, kama wengi wanavyodhani. Tuanze na kichuguu. Vichuguu vikubwa vya Lubumbashi vinapita mita 5 kwa urefu, na watafiti waliopima umri wa baadhi yake walikuta kimoja kilichoanza kujengwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910. Juu ya kichuguu huota miti ambayo haioti pembeni yake, ndani yake hujificha nguchiro, mijusi na nyoka, na muhanga huja usiku kukichimba atafute mchwa. Inswa wanaokaangwa majumbani wakati wa mvua wanatoka humo. Uyoga mmoja unaoota kwenye vichuguu vya miombo unaweza kuwa na kofia ya upana wa karibu mita moja, na unaliwa. Mtoto akisimama mbele ya kichuguu kimoja kwa nusu saa, na mtu wa kumweleza, ataona nyama wengi kuliko wale wa kwenye simu ya kaka yake. Sasa hivi anachokijua juu ya kichuguu ni matofali.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi neno nyama linabeba maana zote mbili: kiumbe anayetembea na kile kilicho ndani ya chungu. Hakuna aibu katika hilo. Wazee walikula nyama ya pori, lakini walimjua pia angali hai: anakunywa wapi, anazaa mwezi gani, lini asiguswe. Mtoto wa leo amebaki na maana ya pili peke yake. Anakutana na nyama amekauka sokoni, au amefungwa kamba shingoni kando ya barabara, akiuzwa. Kinyonga akionekana uani anapigwa mawe kwa sababu anaogopwa, ingawa hana sumu yoyote. Bundi anaitwa ndege wa wachawi na kufukuzwa, na panya anaowala wanabaki ndani ya nyumba.

Biashara ya nyama hai ina sura mbaya zaidi, na Lubumbashi inaijua. Tangu mwaka 2006 kituo cha J.A.C.K. kinawalea sokwe wachanga walionyang'anywa wafanyabiashara. Hao si nyama wa pori la hapa karibu. Walitekwa katika misitu ya mbali, mara nyingi baada ya mama zao kuuawa. Mwezi wa 9 mwaka 2022 watu waliingia kituoni usiku, wakaiba sokwe watatu wadogo, kisha wakadai pesa nyingi ili wawarudishe. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira ipo, na ICCN ina wajibu wake. Lakini anayeuza mtoto wa kima kando ya barabara anahitaji mnunuzi, na mnunuzi huyo mara nyingi ni baba wa hapa hapa mjini anayetaka kumfurahisha mtoto wake. Mtoto aliyewaona kima wakiwa na mama zao juu ya mti hataomba anunuliwe mmoja.

Nani awaongoze? Hapa ndipo watu wengi watashangaa: wachoma makala. Pamoja na wavuna asali na akina mama wanaotafuta bowa na vinkubala, hao ndio wanaoujua muputu na mutondo kwa majani, na wanajua ni mti gani una viwavi. Kuwalaumu peke yao kwa kuisha kwa pori, wakati mji mzima unapikia makala, ni unafiki. Mwongozaji alipwe kwa siku hiyo angalau kile ambacho angepata kwa gunia, kutokana na mchango mdogo wa kila jamaa. Pembeni yake awepo mwanafunzi wa kitivo cha kilimo cha UNILU. Chuo hicho hakianzi kutoka sufuri. Katika hifadhi ya binafsi ya Mikembo, kaskazini-mashariki mwa mji, watafiti wake wamepima miti katika eneo la hekta 10. Elimu hiyo ifike na kwa watoto.

Maarifa ya aina hii hupotea kama hayapitishwi, na kuna mfano wa kando. Katika jimbo la Niassa, nchini Msumbiji, ambako pori ni miombo kama la Katanga, wavuna asali Wayao humwita ndege wa asali kwa sauti waliyofundishwa na baba zao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba sauti hiyo inaongeza zaidi ya mara tatu uwezekano wa kuonyeshwa mzinga. Ndege huyo yuko Katanga pia, na bado anaongoza watu hadi kwenye nyuki. Ila anahitaji mtu wa kumfuata.

Wazazi watauliza juu ya usalama, na wana haki. Nyoka wenye sumu kali wapo, kifutu na koboko. Kuna makonsesheni ya migodi yasiyoingilika, na kuna wahalifu. Kwa hiyo watoto wasizidi ishirini, kila mmoja awe na mtu mzima wa jamaa yake, viatu vifunike mguu, safari ianze saa kumi na mbili asubuhi na kumalizika kabla ya saa nne. Shefu wa mtaa ajue njia mapema, na pale inapopita kwenye ardhi ya kampuni, ruhusa iombwe na komine, siyo na mwalimu peke yake. Hayo yote yanawezekana bila bajeti ya serikali.

Kuna jambo moja tu ambalo serikali lazima ilifanye. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira mazuri na wajibu wa kuyalinda. Parsele mpya zinapogawanywa katika Annexe, kichuguu kimoja kikubwa chenye miti yake kiachwe katika kila sehemu, kiandikwe kwenye ramani, na asiruhusiwe mtu kukichimba matofali. Mvua zikianza, kati ya mwezi wa 10 na wa 11, inswa wataruka na bowa zitaota. Masomo wakati huo yatakuwa yameshafunguliwa. Matembezi ya kwanza ya Hewa Bora yanaweza kupangwa kwa Jumamosi mojawapo ya hizo.