Kayaki mbili juu ya boti, watoto watakaa wapi?

Mchoro ulikuwa nyuma ya risiti ya duka la vifaa vya ujenzi: nguzo nne za bomba, mbili kila ubavu wa boti, vyuma viwili vimekatiza juu, na kayaki mbili zimelazwa pale kama mabegi kwenye keria ya basi. Baba wa familia moja ya Msasani, Dar es Salaam, aliukunjua mezani baada ya chakula cha usiku. Watoto watatu wakashangilia. Walikuwa wameahidiwa kwenda kupiga makasia kisiwa cha Bongoyo tangu likizo iliyopita.

Mama yao aliutazama kwa muda. "Baba Watoto, hapo chini ya vyuma anakaa nani?"

"Si nyie hapo. Na kivuli mtapata."

Kwa haki, wazo lake halikuwa baya. Boti ya faiba ya mita tano haina nafasi ya kulaza kayaki mbili sakafuni na bado watu wakakaa. Kuzivuta kwa kamba nako kuna adha: kayaki tupu huyumba huku na huku, na wimbi likiingia inajaa maji na kuwa nanga. Kichanja ndicho jibu linalomjia kila mtu. Fundi wa kuchomea atauliza jambo moja tu, kama bomba litahimili. Litahimili. Kayaki ya plastiki ya mtu mmoja kwa kawaida ina kilo 20 hadi 30, uzito ambao bomba hubeba bila taabu.

Isiyohimili ni boti. Manahodha wa majahazi wanalijua jambo hili kabla ya mashine kufika pwani: chombo kisicho na shehena hutiwa farumi, mawe au mchanga, chini kabisa tumboni, ili upepo usikilaze. Kichanja cha juu ni farumi iliyowekwa kichwani. Kayaki mbili za kilo 25 pamoja na mabomba yake zinakaribia kilo 70. Ni kama mtu mzima aliyesimama juu ya benchi safari nzima, ambaye wimbi likija hakai chini. Ongeza upepo unaozipiga kayaki ubavuni kama tanga lisiloshushwa. Ongeza maji yaliyobaki ndani yake: lita 20 ni kilo 20, na hukimbilia upande ule ule boti inakolalia.

Swali la mama lina upande mwingine ambao wazazi wengi hawaufikirii. Mtoto aliyevaa jaketi okozi, boti ikipinduka akiwa chini ya kichanja, husukumwa juu na jaketi lake. Juu yake ni sakafu ya boti, na pembeni ni vyuma na mikanda. Ili atoke lazima azame kwanza, na jaketi halimruhusu. Kwa Shirika la Afya Duniani, WHO, kuzama majini ni sababu ya tatu ya vifo vya watoto wa miaka 5 hadi 14 duniani, na ya nne kwa wa mwaka 1 hadi 4. Kivuli hicho ni ghali.

Siku ya pili baba alikwenda na mchoro wake ufukweni kwa mzee anayetengeneza boti. Baada ya shikamoo, mzee aliupindua mara mbili. "Ufupishe, mwanangu," alisema. "Mpaka magotini."

Kichanja kilichojengwa mwishowe hakifanani na cha risiti. Ni mikono minne mifupi yenye umbo la U, miwili kila ubavu, upande wa ndani wa ukingo ili isigonge gati wala kukamata wimbi. Kila kayaki inasimama kwa ubavu wake, nusu yake chini ya ukingo, moja kulia na moja kushoto ili uzito ulingane. Bolti na nati ni za chuma kisichoshika kutu, na ndani ya faiba kuna kipande cha ubao mgumu nyuma ya kila bolti. Skrubu peke yake hung'oka na faiba yake. Mikono imevishwa raba ya tyubu ya tairi. Mikanda ni bapa, ya kufunguliwa kwa mkono mmoja, na kila kayaki ina kamba mbele na nyuma. Nyuma ya boti pameachwa wazi, maana aliyeanguka majini atapandia hapo. Kabla ya kufungwa, kayaki hupinduliwa na kumwagwa maji.

Jaribio la kwanza lilifanyika bila watoto, kwenye maji ya kifuani. Baba na kijana wa mashine walikaa wote upande mmoja, wakatazama boti inalala kiasi gani na kama inarudi. Ilirudi.

Kilichobaki kilikuwa hesabu, na hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Kibao cha boti kinasema watu 6. Baba, mama, watoto watatu na kijana wa mashine ni 6 kamili. Kayaki na kichanja chake ni mtu wa saba. Mtoto mkubwa alisema mdogo abaki kwa bibi. Mdogo akalia. Baba akasema kilo 70 si nyingi, wote wembamba. Mama hakujibu; alikuwa sebuleni anajaribu majaketi, anamshika kila mtoto kwa mabega ya jaketi na kuvuta juu. La mdogo lilipanda mpaka masikioni. Hilo likarudishwa dukani.

Mwishowe walikubaliana safari mbili: kwanza kijana wa mashine na baba na kayaki, kisha boti irudi tupu kuchukua mama na watoto. Kurudi nyumbani vivyo hivyo, watoto wakitangulia, na wawe wamefika kabla upepo wa mchana haujakaza. Baba alilalamikia petroli mpaka Jumamosi asubuhi, akajaza dumu la pili.