Mwovu Anyimwe Ushindi, Asinyimwe Ulimi

Washairi wenzangu, ipo kasoro katika ngonjera zetu inayostahili kujadiliwa, nayo ni unyonge wa yule anayetetea upande mbaya. Awe mlevi, mzembe au mpinga elimu, hupewa beti mbili tatu zenye hoja za kitoto, kisha husalimu amri na kuomba radhi. Hadhira hupiga makofi, lakini haijashawishika, maana hapakuwa na shindano.

Somo la kuiponya kasoro hii limo katika kazi ya Pran, mwigizaji wa Kihindi ambaye wapenzi wa sinema wa rika langu hawajamsahau. Alizaliwa Delhi mwaka 1920, akaanza kuigiza Lahore mwaka 1940, na India ilipogawanywa mwaka 1947 akahamia Bombay. Aliwahi kuwa shujaa katika Khandaan (1942), lakini uovu ndio uliomjengea jina. Katika Madhumati (1958) ni mwinyi dhalimu. Katika Ram Aur Shyam (1967) ni shemeji katili mwenye mjeledi. Uovu wake ulikuwa na akili, adabu ya juu juu na tabasamu, hivyo mtazamaji alimwogopa kwa dhati, na shujaa alipomshinda, ushindi ulikuwa na uzito. Husimuliwa kwamba wazazi waliacha kuwaita watoto wao Pran, ilhali maana ya neno hilo ni uhai.

Je, kinywa kilichosema maovu kilimchafua msemaji? Mwaka huo huo wa 1967, katika Upkar, aliigiza kilema mwenye busara, na watu wakampenda. Baadaye alikataa tuzo ya Filmfare aliyopewa kwa filamu ya Be-Imaan (1972), jina ambalo Mswahili atalielewa bila mkalimani, kwa kuwa aliona tuzo ya muziki ilimstahiki Ghulam Mohammed, mtunzi wa muziki wa Pakeezah, ambaye tayari alikuwa marehemu. Aliyeigiza wasio na imani alikuwa na imani ya kuacha heshima yake kwa ajili ya haki ya mwingine.

Wapo watakaosema kwamba tukimpa mwovu lugha tamu tutawapotosha vijana. Naona kinyume chake. Hoja za mwovu vijana huzisikia kila siku vijiweni, tena kwa lugha yenye mvuto. Tukizificha katika ushairi wetu, tunawaacha wakutane nazo peke yao, bila jibu.

Basi, tunapotunga ngonjera, tumpe mpinzani beti sawa na za mwenzake, vina vilivyokamilika, mizani isiyopungua, na hoja moja ambayo sisi wenyewe tunaiogopa. Tukishindwa kuijibu, tusimzibe mdomo. Tuiweke kalamu chini, tufikiri upya. Haki isiyoweza kustahimili beti nane za mpinzani bado haijaiva kutungiwa shairi.