Baba Alilala Kitako: Barua ya Wazi kwa Msimamizi wa Huduma za Afya Pemba

Mheshimiwa,

Nakuandikia kwa heshima ya cheo chako, ingawa leo heshima hiyo inanikaba kooni.

Maradhi ya neva zinazoendesha misuli unayajua, na unajua hayana dawa ya kuyaponya. Baba yangu yalimuanza mikononi, msimu wa karafuu, akashindwa kuchambua vikonyo. Hilo tulilipokea. Nisilolipokea ni usiku wake.

Miezi minne baba alilala kitako. Tulimpandishia mito mchagoni mpaka akaegemea ukuta, maana akilala chali pumzi zinamkatika, anashtuka kama aliyezama. Asubuhi kichwa kinamuuma. Mchana anasinzia, kijiko mkononi. Tulimpeleka hospitali, tukayasema yote hayo. Hakuna aliyempima pumzi, si kitako si chali. Tuliandikiwa vidonge vya usingizi.

Vidonge vya usingizi, kwa mtu ambaye kiwambo chake cha pumzi kimechoka! Katika usingizi wa ndoto misuli mingine ya kuvutia pumzi hulegea, kiwambo kikaachiwa kazi peke yake. Kikishindwa, hewa chafu hujaa kwenye damu. Ndiyo iliyokuwa ikimuumiza kichwa kila alfajiri. Vidonge hivyo vinaweza kuipunguza hata ile pumzi iliyobaki.

Utafiti wa Newcastle, Uingereza, uliotoka mwaka 2006, ulionesha kuwa wagonjwa wa maradhi haya ambao misuli ya kumeza na kusema haijadhoofika sana, wakisaidiwa pumzi kwa mashine ya barakoa, waliishi karibu miezi 7 zaidi, tena kwa nafuu. Baba alikuwa akisema vizuri. Hiyo mashine hatukutajiwa hata jina.

Tulipong'ang'ania tukapewa rufaa ya Unguja, baada ya wiki sita. Umeme umetufikia kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010. Kwa nini matibabu mazito hayavuki kuja kwetu, ila mgonjwa ndiye avuke, hata huyu asiyeweza kulala? Wangapi Pemba wamezikwa wakisubiri tarehe ya rufaa?

Baba hakuifikia tarehe yake. Alifariki usiku, amekaa kitako.

Naomba jibu la maandishi: Pemba nzima ina mashine ngapi za kusaidia pumzi kwa barakoa, ziko wapi, na nani amefundishwa kuzitumia? Kama hakuna hata moja, liandike hilo, utie saini.

Binti wa marehemu,
Wete